Msifunike Sauti za Wazee

Ninayotaka kuyasema katika sura hii yatawaudhi baadhi ya vijana wetu wanaojipatia riziki kwa kazi ya video, na pengine yatawaudhi zaidi wazazi wenzangu wanaowalipa. Nitayasema hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto kwamba ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Haitanifaa leo, katika uzee wangu, kuuficha ukweli kwa kuogopa kununiwa.

Mwaka 1997 nilimwoza binti yangu wa kwanza hapa Pangani. Wakati huo runinga zilikuwa chache. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya sabini, lakini huku Bara vituo vilianza mwaka 1994, na katika mtaa wetu nyumba zenye runinga zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Pamoja na hayo nilijikaza, nikakodi mpiga picha wa video. Alikuja na kamera kubwa ya begani, taa iliyowafanya watoto wafumbe macho, na jenereta iliyonguruma uani tangu alasiri hadi usiku. Alijaza mkanda mzima wa VHS, saa tatu kamili.

Katika saa zile tatu zilikuwamo dakika chache, tano au sita, ambazo leo ningezinunua kwa bei yoyote. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, amekaa mkekani, amemshika mjukuu wake mkono, anampa wasia wa kwenda kuishi na watu. Mama hakusoma shule. Alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wa zamani wa mwambao huu, chenye maneno ya Kizigua ndani yake. Alisema taratibu, na kila alipomaliza neno zito alimgonga bibi harusi kiganjani kwa kidole, kana kwamba anapiga muhuri. Mama alifariki mwaka 2003. Wasia ule ndio maneno yake pekee yaliyopata kurekodiwa.

Ilipofika mwaka 2008 mtindo ulikuwa umebadilika. Mikanda ilikuwa ikigeuzwa kuwa DVD, na kila mwenye kumbukumbu ya harusi alitaka kuiona katika diski inayong'aa. Nami nikaupeleka mkanda wangu kwenye studio moja. Sitaji jina wala mji, maana ugomvi wangu si na mtu mmoja bali na desturi iliyoenea. Baada ya wiki mbili nikapewa diski ndani ya kasha lenye picha ya maharusi. Ilipowekwa kwenye deki, palitokea menyu yenye njiwa wawili wakiruka, majina yetu kwa maandishi ya dhahabu, na muziki uliojirudia kila baada ya nusu dakika. Ndani yake saa tatu zimekuwa saa moja na robo. Picha zinageuka kama kurasa za kitabu, zinapasuka kama kioo, zinaingia ndani ya umbo la moyo na kutoka. Nyumba nzima ilishangilia, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilipoulizia mkanda, kijana alinijibu, "Mkanda wa nini tena, mzee? Kila kitu kimo humu." Ulikwisha kurekodiwa kazi nyingine juu yake. Nikalipa fedha iliyobaki, nikaondoka.

Mwaka 2022 binti wa binti yangu huyo alipokaribia kuolewa, aliniomba tuitazame pamoja harusi ya mama yake. Tulipofika pale mkekani, nikamwona mama yangu anazungumza. Midomo inakwenda, kidole kinagonga kiganja, lakini kinachosikika ni taarabu ya kisasa, gitaa na kinanda kwa sauti ya juu. Mjukuu akaniuliza, "Babu, Bibi Mkubwa anasema nini hapo?" Akairudisha nyuma, akaongeza sauti. Muziki ukazidi. Nilimweleza nilichokumbuka: asitoke nyumbani kwa hasira, asile kabla hajajua mgeni amekula. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia kwa mjukuu hasa, akiwa na kitufe mkononi.

Basi hoja yangu ni hii, nami naisema bila kuzunguka: video ya nyumbani ni sauti kwanza, mapambo baadaye. Anayefuta maneno ya mzee ili aweke wimbo hajahariri. Amefuta. Na anayeutupa mkanda wa asili baada ya kutengeneza diski amefanya kama mtu anayeandika muhtasari wa kitabu, kisha akakichoma kitabu.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji, sisi watu wa mwambao tumerithi sauti ngapi za watu wetu? Bushiri bin Salim alinyongwa hapa hapa Pangani mwezi Desemba 1889. Jina lake tunalo na habari za vita vyake tunazo, lakini sauti yake hatunayo, wala hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa chombo hakikuwapo mikononi mwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay akarekodiwa katika santuri, na ingawa alifariki mwaka 1950, mpaka leo tunamsikia. Bi Shakila Said, mwimbaji wa Tanga tuliyemzoea, alifariki mwaka 2016, nasi bado tunamsikia, kwa kuwa nyimbo zake zilitunzwa. Hao walikuwa waimbaji mashuhuri. Mama zetu na baba zetu hawakuitwa studio hata siku moja. Studio yao ilikuwa ule mkeka wa harusi, na santuri yao ni ule mkanda wa VHS. Tukiufuta, tumefanya kwa mikono yetu wenyewe yale ambayo Bushiri alifanyiwa na zama zake.

Nimezungumza na vijana kadhaa wa kazi hii, na majibu yao si ya kipuuzi. Nitayataja kwa haki, kisha nitayajibu.

Jibu la kwanza: "Mwalimu, sauti ya mkanda ilikuwa mbaya, jenereta inanguruma, watoto wanalia, ndiyo maana tunaweka wimbo." Ni kweli, sauti ilikuwa mbaya. Lakini sauti mbaya ya mama yako ni bora kuliko sauti nzuri ya mwimbaji aliyelipwa. Aidha, programu za kuhariri zinaweka picha katika mstari wake na sauti katika mstari wake, na muziki katika mstari wa tatu. Kila mstari una kipimo chake cha kupandisha na kushusha. Mzee anapofungua kinywa, muziki ushushwe mpaka chini kabisa. Anapomaliza, upandishwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Ngurumo ya jenereta nayo inaweza kupunguzwa, japo haiondoki yote.

Jibu la pili: "Wateja wenyewe wanapenda nyimbo." Hapa vijana wamesema kweli na sisi wazazi tuinamishe vichwa. Tunapenda. Lakini ni wachache wanaojua kwamba diski ya DVD imeumbwa kubeba hadi njia nane za sauti katika filamu moja. Ndiyo sababu filamu za nje huja na Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine ndani ya diski ile ile, na kwenye rimoti kipo kitufe cha kuchagua. Basi kipi kinachokuzuia, mwanangu, kuweka sauti ya asili katika njia ya kwanza na nyimbo katika njia ya pili? Anayetaka kucheza acheze. Anayetaka kusikia wasia asikie. Diski hiyo hiyo ina nafasi ya njia 32 za maandishi ya chini. Pale mzee anapotumia neno la Kizigua au la Kibondei ambalo wajukuu wa Dar es Salaam hawalijui, maana yake ingeandikwa chini ya picha. Chombo kinatupa njia nane, nasi tunaitumia moja, tena hiyo moja tunaizibia.

Jibu la tatu: "Hakuna muda, bei ni ndogo." Naam, bei ni ndogo. Lakini kutengeneza njiwa wanaoruka kulichukua muda gani? Kuingiza picha katika umbo la moyo mara arobaini, je? Muda upo, ila umewekwa mahali pasipofaa.

Ili nisionekane nanena nisiyoyajua, nilijifunza kazi hii mwenyewe baada ya siku ile ya mjukuu. Mtoto wa ndugu yangu alinipa kompyuta yake ya zamani, na katika kabati nilikuwa na mkanda mmoja uliosalia, wa mahafali ya darasa la saba ya mwaka 2001 katika shule niliyokuwa mwalimu mkuu. Taabu ya kwanza ilikuwa kupata deki ya VHS. Kampuni ya mwisho iliyoendelea kuzitengeneza, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo zilizobaki ni za kuazimana. Mkanda wenyewe ulikuwa umeota ukungu, maana hewa yetu ya bahari haina huruma. Fundi aliusafisha taratibu kabla ya kuuingiza, kwani ukungu mmoja waweza kuchafua kichwa cha deki na kuharibu mikanda mingine kumi.

Nilichojifunza kwanza ni subira. Mkanda wa saa tatu unaingia kwenye kompyuta kwa saa tatu. Hauna njia ya mkato. Waya tatu, wa njano wa picha na mwekundu na mweupe wa sauti, zinatoka kwenye deki hadi kwenye kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, nawe unakaa ukitazama. Kilichoingia ndicho asili mpya. Hicho hakiguswi. Kinanakiliwa mahali pawili, na kazi yote ya kukata inafanywa juu ya nakala.

Cha pili ni kukata. Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba mwalimu mzuri hujua cha kuacha. Niliondoa dakika za sakafu, pale mpiga picha aliposahau kuzima kamera, na za viti vitupu, na za gari la mgeni rasmi likigeuza. Nilimwondoa mtoto mmoja aliyeanguka jukwaani, kwa kuwa leo ni mtu mzima mwenye heshima zake. Vivyo hivyo, katika mikanda ya harusi, yakatwe yale ya ukumbi wa wanawake ambayo wenyewe hawakuyaridhia kutazamwa na kila mtu. Kukata kwa namna hiyo ni adabu. Lakini risala ya wanafunzi, hotuba ya mwenyekiti wa kijiji, na majina yalipokuwa yakisomwa moja moja, hayo niliyaacha kama yalivyo, pamoja na mbuzi aliyelia katikati.

Cha tatu ndicho kilichonifurahisha zaidi. Nilitumia programu ya bure iitwayo DVDStyler. Inakutaka upange filamu kwa sura, kisha utengeneze menyu ya kuzifikia. Nilipoiona nilicheka peke yangu, kwa maana ni andalio la somo! Utangulizi, maarifa mapya, hitimisho. Huwezi kuandika sura kabla hujaamua nini ni nini. Filamu moja inaweza kuwa na sura hadi 99. Mimi zilinitosha tisa: kuwasili kwa wageni, ngonjera, risala, na kadhalika. Menyu yangu haina njiwa. Ina jina la shule, tarehe, na orodha ya sura kwa maandishi meusi. Mama mmoja ambaye mwanawe alisoma risala siku ile, na ambaye kijana huyo hayupo tena duniani, alibonyeza sura ya nne akamkuta. Hakulazimika kupita katika saa nzima ya wageni kuwasili. Alimsikiliza mara mbili, akaomba kuondoka na diski. Sikuhitaji cheti kingine.

Cha nne ni ujazo. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Kwa ubora mzuri ni saa moja hivi, kwa ubora wa kuridhisha ni saa mbili. Ukishindilia saa nne, picha zinavunjika kuwa vijiraba na nyuso hazitambulikani. Afadhali diski mbili safi kuliko moja iliyovimbiwa. Na diski ichomwe kwa mwendo wa pole, ikaguliwe mwanzo hadi mwisho kabla ya kukabidhiwa. Mwalimu asiyesahihisha daftari hajafundisha.

Najua wapo watakaoniambia, "Mzee, DVD zimekwisha. Kompyuta mpya hazina hata mahali pa kuziingiza. Siku hizi ni simu na flashi." Ni kweli, na mimi sikuapa kufa na diski. Diski nazo huchakaa, hasa zile za bei rahisi zikiachwa juani au kwenye chumvi. Ndiyo maana nimesema asili ibaki mahali pawili, na ihamishiwe kwenye chombo kipya kila kile cha zamani kinapoanza kuaga. Lakini mimi natetea kazi inayofanyika kabla ya kuchoma: kuchagua, kukata kwa adabu, kutunza sauti, kupanga sura, kuandika majina na tarehe. Kazi hiyo simu haikufanyii. Katika simu ya mjukuu wangu mna vipande mia nne vya video, vya sekunde ishirini ishirini. Havina majina. Vingine vimepita WhatsApp vikapunguzwa ubora. Na vingi, nasikitika kusema, vimewekewa wimbo juu. Ugonjwa ni ule ule. Umehama tu kutoka studio hadi kiganjani. Simu ikianguka kwenye maji pale kivukoni, mia nne zote zimekwenda.

Nawageukia sasa wazazi wenzangu, maana fedha ni zetu na amri ni yetu. Unapomkabidhi kijana mkanda au kadi ya kamera, mpe masharti matatu kabla hujatoa senti. La kwanza, mkanda wangu unarudi kwangu, na usiporudi sikulipi. La pili, nipe kila kilichopigwa, kizima, bila kukatwa, mbali na kile ulichokipamba. La tatu, pale mzee anapozungumza, wimbo unyamaze. Masharti haya hayaongezi gharama kubwa. Kijana mwaminifu atayakubali, na atajifunza kuheshimu kazi yake. Asiyeyakubali mwache aende na njiwa wake.

Na nyinyi vijana wa video, sikuwaiteni maadui. Mmeshika kazi ambayo zamani ilikuwa ya bibi aliyekaa na wajukuu kibarazani, akiwasimulia nani alikuwa nani. Mnalipwa kwa saa chache, lakini mnachokiacha kitatazamwa na watu ambao hawajazaliwa. Hao hawatauliza picha iligeukaje kama ukurasa. Watauliza swali lile lile aliloniuliza mjukuu wangu: anasema nini hapo?

Mimi swali hilo nimeshindwa kulijibu, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu, kwa kuwa nilipiga makofi siku ya kwanza na kunyamaza siku nilipoambiwa mkanda haupo. Mkanda wa mama yangu umekwenda na haurudi. Wako, msomaji, pengine ungali chini ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, ukiota ukungu. Utoe wiki hii. Tafuta deki ya kuazima. Wakati unaingia kwenye kompyuta, kaa karibu na mzee yeyote aliyesalia, umuulize majina ya wanaopita kwenye picha, nawe uyaandike.